Uteuzi na Utayarishaji wa Pikipiki Iliyotumika kwa Kazi ya Bodaboda Jijini Dodoma: Hoja ya Kutanguliza Fremu Kabla ya Injini

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua vigezo vya kuteua pikipiki iliyotumika na hatua za kuitayarisha kwa kazi ya kubeba abiria jijini Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji huo kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, safari za kila siku zimerefuka. Abiria anayeshuka Jamatini huenda akawa anaelekea Mji wa Serikali, Mtumba, au katika kampasi za Chuo Kikuu cha Dodoma. Bodaboda ni kiungo muhimu cha safari hizo.

Kijana asiye na mtaji wa pikipiki mpya huwa na njia mbili za kumiliki chombo. Njia ya kwanza ni mkataba, ambapo hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kwa kipindi kilichokubaliwa, kisha chombo huwa chake. Njia ya pili ni kununua mkononi. Katika njia zote mbili, anachokipata hatimaye ni chombo kilichochoka. Swali linalojibiwa hapa ni hili: uchovu upi unaweza kurekebishwa, na upi hauwezi?

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba ukaguzi uanze na fremu pamoja na nyaraka zake, ufuatiwe na magurudumu na breki, na injini iwe ya mwisho. Mpangilio huu unakinzana na desturi iliyozoeleka ya kuwasha injini kwanza na kuamua kwa mlio wake.

2.0 Msingi wa Hoja

Hoja hii ina misingi miwili. Mosi, ni upatikanaji wa vipuri. Pistoni, ringi, silinda na klachi za Boxer, TVS au SanLG huuzwa madukani, na fundi wa kawaida huzibadilisha bila mashine kubwa. Fremu haiko hivyo. Fremu ndiyo inayobeba namba ya chasisi iliyoandikwa katika kadi ya usajili. Kwa hiyo kuibadilisha ni kubadilisha utambulisho wa chombo mbele ya sheria. Pili, ni usalama. Injini mbovu kwa kawaida humwacha dereva njiani, lakini fremu iliyopinda au breki dhaifu humwangusha yeye na abiria wake.

Ulinganisho na mbio za ridhaa za pikipiki katika viwanja maalumu unaimarisha hoja hii. Mshiriki anayenunua pikipiki iliyotumika kwa ajili ya mbio hajali sana mikwaruzo ya plastiki. Hutazama unyofu wa fremu na shokapu za mbele, kisha huelekeza fedha zake kwenye matairi na breki kabla ya kutafuta nguvu zaidi. Hung’oa taa na vioo, na hufunga kwa waya boliti ya kumwagia oili ili isifunguke na kumwaga oili njiani. Tofauti ni kwamba yeye hukimbia peke yake, katika njia anayoifahamu na isiyo na magari yanayokuja mbele. Dereva wa bodaboda hana hata kimoja kati ya hivyo. Ikiwa mpangilio huo unamfaa wa kwanza, unamlazimu zaidi wa pili.

3.0 Uteuzi

3.1 Nyaraka

Namba ya chasisi, ambayo kwa kawaida huwa imegongwa kwenye shingo ya fremu, pamoja na namba ya injini, zilinganishwe na kadi. Namba iliyosagwa au kugongwa upya inatosha kuwa sababu ya kuacha ununuzi. Aidha, umiliki uhamishwe rasmi kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania. Hati ya mauziano peke yake haibadilishi jina katika usajili.

3.2 Fremu na shokapu

Ishara tatu zichunguzwe. Ya kwanza ni rangi iliyopasuka au kukunjamana karibu na shingo, ambayo huashiria mgongano wa mbele. Ya pili ni uchomeleaji usio wa kiwandani, hususani mahali pa keria na ngao. Pikipiki iliyozoea mshikaki au magunia ya mkaa huchoka sehemu hizo kwanza. Ya tatu ni mwelekeo wa magurudumu: uzi ukinyooshwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele pande zote mbili, nafasi zilingane. Kisha gurudumu la mbele linyanyuliwe na usukani uzungushwe taratibu. Ukinasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Oili kwenye nguzo za shokapu za mbele huonesha kwamba sili zimechoka.

3.3 Magurudumu na cheni

Kila spoku iguswe; iliyolegea hutoa mlio mzito kuliko wenzake. Cheni ivutwe kwa nyuma kutoka kwenye sproketi, yaani gurudumu la meno linalozungushwa nayo. Nusu ya jino ikionekana, cheni na sproketi zote zibadilishwe kwa pamoja.

3.4 Injini

Mnunuzi aikute injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Mlio usiaminiwe peke yake, kwa kuwa oili nzito huweza kuufunika kwa muda. Vivyo hivyo, kipimo cha kilomita hubadilishwa kwa urahisi. Ulaji wa mpira wa pedali na wa sehemu za kukanyagia husema zaidi.

4.0 Utayarishaji

Fedha ya kwanza baada ya ununuzi iende kwenye brekishuu, matairi na nyaya za breki. Cheni ya pikipiki nyingi za aina hii huhitaji kucheza milimita 20 hadi 30, lakini ipimwe tena watu wawili wakiwa wameketi. Cheni iliyokazwa bila mzigo huweza kukaza kupita kiasi shokapu zinapobonyea, na hivyo kuharibu beringi.

Mazingira ya Dodoma yanadai mambo mawili zaidi. Jiji lipo takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo msongamano wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 10. Pikipiki yenye kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hupata petroli nyingi kuliko hewa inayostahili: plagi huwa nyeusi, mafuta huisha haraka na nguvu hupungua. Kabureta irekebishwe hadi plagi iwe na rangi ya kahawia hafifu. Plagi ikiwa nyeupe, petroli imepunguzwa mno. Pistoni inaweza kuungua, hasa chombo kikiteremka kuelekea Morogoro kwenye hewa nzito zaidi. Jambo la pili ni vumbi la kiangazi kirefu cha nyanda za kati. Kichujio cha hewa kilichopasuka huingiza mchanga mwembamba ndani ya silinda na kufupisha maisha ya ringi. Kichujio cha sponji kioshwe na kupakwa oili. Cha karatasi kibadilishwe.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mpangilio uliofafanuliwa hauhitaji vifaa vya gharama: uzi, tochi, spana na kadi ya usajili vinatosha kwa sehemu kubwa ya ukaguzi. Ugumu uliopo ni wa kimkataba. Dereva wa mkataba hukabidhiwa chombo bila orodha ya hali yake, na mwisho wa malipo hupokea fremu ambayo hajawahi kuikagua, pengine ikiwa bado na jina la mtu mwingine. Inapendekezwa kwamba mkataba wa maandishi uambatanishwe na orodha ya ukaguzi inayosainiwa na pande zote mbili siku ya kukabidhiana, na utaje tarehe ya kuhamisha umiliki. Bila mambo hayo mawili, miezi mingi ya hesabu inaweza kuishia katika chombo kisichoweza kuuzwa kihalali wala kuendeshwa kwa usalama.