Shahada ya Miaka Miwili kwa Njia ya Mtandao: Uliza Kabla ya Kujiandikisha

Nchini Marekani, shahada ndogo ya miaka miwili, ijulikanayo kama asosieti, huhitaji takribani krediti 60, na vyuo vingi vya jumuiya huitoa kwa njia ya mtandao. Kwa mzazi anayefanya kazi zamu ya usiku, hiyo ni nafasi adhimu.

Ikumbukwe kwamba mwanafunzi mwenye kipato kidogo anaweza kupata ruzuku ya Pell kutoka serikali kuu, ambayo kwa kawaida hairejeshwi. Huombwa kwa fomu ya FAFSA, isiyo na malipo. Anayekudai ada ya kuijaza, mwepuke. Lakini ruzuku hiyo ina ukomo: katika maisha yote ya mtu, haizidi kiasi cha miaka 6 ya masomo ya muda wote. Anayeitumia katika chuo ambacho krediti zake hazipokelewi kwingine hujipunguzia miaka hiyo bila kusogea, na akianza upya huenda akalazimika kukopa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tazama kwanza katika tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani iwapo chuo kina ithibati. Hata hivyo, ithibati peke yake haikilazimishi chuo kingine kupokea krediti zako. Kiandikie chuo kikuu unachotamani kuendelea nacho, ukitaja kila somo, upate jibu kwa maandishi.

Ofisi ya misaada ya fedha chuoni nayo iulizwe lile swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: nikiacha katikati ya muhula, nitadaiwa? Ndiyo, waweza kudaiwa.