Protini Iliyozaliwa na Mkia

Mtoto akichemka homa kijijini Bungoma, mhudumu wa afya wa jamii humdunga kidoleni, huweka tone la damu kwenye kikasha cha plastiki na kuangalia saa. Robo saa hivi ikipita, mstari wa pili ukijichora mwekundu, ni malaria. Wekundu huo, usishangae, ni chembe za dhahabu.

Mjini Kitale, kwenye baridi ya mwinuko wa takribani mita 1,900, mbu hawajinafasi hivyo. Lakini matatu za kushuka Webuye na Bungoma hazikauki barabarani, na abiria huweza kurudi na homa pamoja na mizigo, wakahitaji kipimo hichohicho.

Kinachonaswa na kipimo ni HRP2, protini ambayo kimelea cha Plasmodium falciparum humwaga damuni. Kama theluthi moja ya asidi amino zake ni histidini, nayo histidini hung'ang'ania metali kama nikeli na kobalti.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa kampuni ya Roche, Uswisi, waliigeuza tabia hiyo kuwa zana. Protini wanayoitaka huifunga mkia wa histidini, sita tu zatosha, kisha mchanganyiko wote hupitishwa kwenye shanga ndogo zenye nikeli. Takataka nyingi hupita. Yenye mkia hunata. Ikimiminwa imidazoli, kemikali inayofanana na sehemu ile ya histidini inayoshika metali, hunyang'anya nafasi na protini huachiliwa ikiwa nzima.

HRP2 haihitaji kufungwa mkia wowote, ilizaliwa nao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walichanganya damu na shanga za sumaku zilizopakwa metali, wakazivuta kando kwa sumaku, wakaishusha HRP2 juu ya kipimo kwa imidazoli. Iliyokuwa imetapakaa kwenye damu ikakusanyika mahali pamoja, na mstari hafifu ukakolea. Faida yake ni kwa mtu mwenye vimelea vichache, asiyeumwa popote, ambaye bado anawaambukiza mbu.

Ila HRP2 ni mgeni asiyejua kuaga: hubaki damuni hata wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na mama aliyemaliza kumpa mwanawe dawa anaweza kuonyeshwa mstari uleule. Kibaya zaidi, vipo vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo, na kipimo hakivioni. Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo vyake mwaka 2016 kwa sababu hiyo.