Kabla ya kumwaga dawa, mtazame nzi huyo

Mfugaji wa kuku anayeanza kuzalisha nzi askari mweusi, Hermetia illucens, ili apunguze gharama ya dagaa, hukumbana mapema na swali moja: haya mabuu yaliyojaa kwenye pipa la mabaki ya sokoni ni ya nani? Wapo wanaomwaga kiuatilifu na kuangamiza chakula cha kuku wao. Wapo pia wanaowalea nzi wa nyumbani, wasambazaji wa kuhara na homa ya matumbo, wakidhani wanafuga.

Nzi askari mzima ni mweusi, mrefu wa milimita 13 hadi 20. Wengi humkimbia wakidhani ni nyigu, na si ajabu: mwanzoni mwa tumbo ana madoa mawili yanayopitisha mwanga, hivyo kiuno huonekana chembamba kuliko kilivyo. Hesabu mabawa. Nyigu ana manne, nzi ana mawili. Huyu hana mwiba wala hang'ati, na ncha za miguu yake ni nyeupe.

Ugumu hasa uko kwa ndugu zake. Familia ya Stratiomyidae ina spishi zaidi ya 2,700, na baadhi, kama wale wa jenasi Ptecticus, nao hufuata matunda yaliyooza. Rangi peke yake isikuridhishe. Chukua lenzi utazame vipapasio. Vya Hermetia ni virefu na vimeishia kwa bapa mfano wa upanga. Vya Ptecticus ni vifupi, na kila kimoja kina unywele mwembamba.

Kwa mabuu kazi ni nyepesi. Ya nzi wa nyumbani ni meupe, laini, yamechongoka upande wa mbele. Ya nzi askari ni bapa, yana ngozi ngumu yenye pingili dhahiri na kichwa kidogo kinachoonekana. Yakikaribia kuwa pupa hugeuka meusi na kutambaa kutafuta pakavu.

Nzi askari mzima hahitaji kula, kwa hiyo harukiruki kati ya choo na sahani. Hiyo haimaanishi kwamba mabuu yaliyolelewa kwenye samadi ni safi. Yapikwe au yakaushwe kwa joto kabla ya kupewa kuku.

Ukibaki na shaka, weka mabuu machache na chakula chao kwenye chupa yenye matundu madogo ya hewa, usubiri nzi watoke. Dawa iache kwanza.