Vumbi la Kutengeneza

Maelezo yanayoambatana na albamu ya pili ya kundi la Portishead, iliyotoka Septemba 1997, yanataja nyimbo chache za watu wengine zilizochukuliwa vipande. Mmojawapo unaitwa "Hookers & Gin", wa kundi la Sean Atkins Experience. Kipande chenyewe kinasikika mwishoni mwa "Western Eyes", wimbo wa kufungia albamu: sauti ya mwanamume, nzito, yenye dalili za ulevi, kama mwimbaji wa ukumbi wa usiku wa miaka ya 1950, inatokea kwa mbali nyuma ya kinanda na mikwaruzo ya sindano. Mpenzi wa santuri angeweza kupekua kila duka la London asiione santuri hiyo, kwa sababu haikuwahi kuwapo. Portishead waliirekodi wenyewe, wakaizeesha, wakaibunia jina na mwenyewe, kisha wakaiandika kana kwamba wameiazima.

Utani huo una kazi nzito nyuma yake. Albamu hiyo, inayoitwa Portishead tu, husikika kama mrithi mtiifu wa Dummy, albamu yao ya kwanza: giza lilelile, mwendo uleule wa kujivuta, mwanamke yuleyule anayeimba kama mtu aliyekosa usingizi. Wahakiki wengine walisema hivyohivyo wakati ule, kwamba kundi limejirudia. Mimi naona walisikiliza hali ya hewa wakasahau kuuliza nyumba imejengwaje. Kiwanda kilibadilika karibu chote.

Portishead, ambako kundi lilichukua jina lake, ni mji mdogo wa pwani, maili chache magharibi ya Bristol, kusini-magharibi mwa Uingereza. Geoff Barrow alikulia huko, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa ya msaidizi wa kanda katika studio ya Coach House, Bristol, wakati kundi la Massive Attack lilipokuwa likiitengeneza Blue Lines, albamu yao ya 1991. Mwaka huohuo alikutana na Beth Gibbons kwenye siku ya maelekezo ya mpango wa serikali wa kuwasaidia wasio na ajira kujiajiri. Gibbons alilelewa shambani Devon na alikuwa akiimba kwenye baa. Baadaye akaja Adrian Utley, mpiga gitaa wa jazz aliyemzidi Barrow kwa zaidi ya miaka kumi, na kwenye mitambo akakaa Dave McDonald. Kwenye Dummy Utley alishiriki sana, lakini ni kufikia albamu ya pili ndipo alipohesabiwa rasmi kuwa mwanakundi.

Bristol yenyewe ni bandari ya zamani. Wahamiaji wa Karibiani waliokaa huko, hasa mtaa wa St Pauls, walileta desturi ya mitambo mikubwa ya muziki wa rege na dab, yenye besi inayotikisa vioo vya madirisha. Hip-hop ya New York ilipofika miaka ya 1980, vijana wa mji, weusi kwa weupe, waliichanganya na besi hiyo, wakaipunguza mwendo, wakaitia sauti za soul na muziki wa sinema. Mwaka 1994 jarida la Mixmag likaanza kutumia jina trip-hop, na jina likaganda hata kwa waliolikataa, Portishead wakiwamo.

Dummy ilitoka Agosti 1994, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Mercury. Hapo matatizo yakaanza. Muziki uliotungwa kwa huzuni ya kweli ukageuka kuwa pambo la mikahawa na karamu za jioni. Ukitazama kwa jicho la ufundi, si ajabu. Mdundo ni wa polepole, sauti ni nzuri, hakuna kinachopiga kelele. Mtu anaweza kukata nyama kwenye sahani huku Gibbons anavunjika moyo pembeni. Waigaji nao wakazagaa. Barrow aliporudi studio alikuta sauti aliyoihangaikia miaka mitatu inauzwa kila kona, na amewahi kueleza wazi jinsi alivyokwama katika kipindi hicho.

Ili kuelewa walivyojinasua, inabidi tuangalie kwanza kitu kinachofanyika mtu anapokata kipande cha rekodi ya zamani na kukizungusha, kazi ambayo maprodyuza huiita kusampo. "Glory Box", wimbo mashuhuri wa Dummy, umekaa juu ya kipande cha "Ike's Rap II" ya Isaac Hayes. "Sour Times" umechukua "Danube Incident" ya Lalo Schifrin, muziki uliotungwa kwa ajili ya tamthilia ya televisheni ya Mission: Impossible. Anayekata vipande namna hiyo hachukui noti peke yake. Pamoja na noti anabeba chumba walimokaa wanamuziki, maiki zilizosimamishwa mbele yao, kanda iliyojaa kupita kiasi, na vumbi la miaka yote ambayo santuri ilikaa kwenye rafu.

Anabeba pia kasoro ambayo ndiyo utamu wenyewe. Ngoma ikipigwa ukumbini, mwangwi wake huendelea baada ya pigo. Prodyuza anapokikata kipande kabla mwangwi haujaisha na kukirudisha mwanzo, mwangwi hunyongwa hapohapo, na hunyongwa tena kila mzunguko unaporudi. Msikilizaji wa kawaida hatambui kinachotokea. Anahisi tu kwamba muziki unakata pumzi, kwamba kuna kitu hakikumalizika na hakitamalizika. Sehemu kubwa ya ule wasiwasi unaosifiwa kwenye trip-hop inatoka kwenye mkato huo wala si kwenye maneno. Jaribu kumpa mpiga ngoma hodari kipande hichohicho akipige upya katika studio safi: atakipiga bila kosa, na kitakuwa kimekufa.

Sasa ubaya wa kusampo. Kwanza ni pesa na sheria: tangu hukumu ya Desemba 1991 huko Marekani dhidi ya rapa Biz Markie, kila kipande kinahitaji ruhusa, na mwenye wimbo wa asili anaweza kudai sehemu nono ya mapato. Pili, na naamini hili ndilo lililomuuma Barrow zaidi, santuri ni ya wote. Kipande kilekile cha Isaac Hayes kilicho ndani ya "Glory Box" kimo pia katika "Hell Is Round the Corner" ya Tricky, ambaye ni mtu wa Bristol vilevile, na nyimbo hizo zilitoka kwa kukaribiana sana. Ukijenga utambulisho wako juu ya rekodi za wengine, jirani yako anaweza kuamka asubuhi akiwa na sura yako.

Hivyo kwa albamu ya pili wakaamua kuzitengeneza wenyewe santuri za zamani. Mbinu haikuwa mpya kabisa kwao; kwenye Dummy walishawahi kurekodi muziki wao, kuuchapa kwenye santuri na kuzikwaruza santuri hizo makusudi, hata kuzikanyaga. Safari hii mbinu ikawa karibu sheria. Clive Deamer alipiga ngoma, Utley akapiga magitaa na vinanda vya umri wake au zaidi, wakaletwa wapiga tarumbeta na fidla, na yote yakapitishwa kwenye amplifaya za vali na kanda. Katika rekodi ndefu walizozipata walisaka sekunde chache zenye uhai. Sekunde hizo zikachapwa kwenye santuri, na santuri hizo zikawekwa mbele ya Barrow, ambaye alizikata na kuzikwaruza kwa mkono kama DJ yeyote anavyozitendea santuri za marehemu.

Kwa nini kupitia njia ndefu hivyo, wakati kompyuta ingeweza kumwaga mikwaruzo juu ya wimbo kwa dakika moja? Kwa sababu mikwaruzo ni ngozi tu. Mtaro wa santuri hauvumilii besi pana iliyotawanyika kushoto na kulia, kwa hiyo fundi anayeikata huikusanya besi katikati. Sauti za juu hufifia kila sindano inapopita. Mwendo wa sahani nao hauwi sawasawa daima. Noti ndefu huyumba kidogo sana, kiasi cha kumfanya msikilizaji ajisikie kichefuchefu asichokijua chanzo chake. Mambo hayo hutokea ndani ya sauti yenyewe, na hapo ndipo Portishead walipotaka yatokee.

Hawakuifuata sheria yao kikasisi. "Only You" umebeba vipande halali vya The Pharcyde na vya Ken Thorne, na ni mmoja wa nyimbo bora za albamu. Lakini ukiwa na "Western Eyes" pembeni yake huwezi tena kujua kwa sikio kipi kimeazimwa na kipi kimefinyangwa nyumbani, na nadhani ndiko walikotaka kutufikisha.

"Cowboys", wimbo wa kufungua, umewekwa mlangoni kama mbwa. Gitaa linapiga pigo moja kavu, la kuudhi, mkwaruzo wa santuri unajibu, na Gibbons anaingia kwa sauti iliyobanwa puani, yenye dharau, ambayo aliyeizoea Dummy asingeitambua mara moja. Kwenye albamu ya kwanza aliimba kama anayeomba. Hapa anaimba kama anayeshtaki. Mtu wa kukata nyama kwenye sahani angeinuka kuzima redio.

"All Mine" una tarumbeta zilizofura, za kifahari, kama muziki wa kufungulia filamu ya James Bond, na sauti ya Gibbons inapanda nazo hadi pale ambapo mapenzi yanaanza kutisha. Ajabu ni kwamba wimbo huu wa albamu ngumu ndio uliofika juu zaidi katika chati za Uingereza kuliko singo yoyote waliyoitoa kabla yake, namba 8, wakati "Sour Times" na "Glory Box" ziliishia 13. Video yake inaendeleza ulaghai uleule wa wakati: binti mdogo anaigiza kuimba kwenye kipindi cha televisheni cha rangi nyeusi na nyeupe, kilichofanywa kionekane kimetoka Ulaya ya miaka ya 1960.

Halafu kuna "Half Day Closing". Hapa waliinamia kundi la Kimarekani lililoitwa The United States of America, ambalo mwaka 1968 lilitoa albamu yake ya pekee iliyojaa vyombo vya kielektroniki, huku sauti ya Dorothy Moskowitz ikipindwapindwa na mitambo. Portishead hawakukata kipande cha albamu hiyo. Walichukua namna yake ya kuumiza sauti. Besi inatembea mbele, ngoma zinaifuata bila haraka, na sauti ya Gibbons inapitishwa kwenye mitambo mpaka kingo zake zinachanika. Kuelekea mwisho inapanda, inapanda, inakuwa mlio ambao huwezi kuapa kwamba umetoka kooni mwa binadamu. Nikiulizwa trip-hop iliweza kufika wapi, humchezea mtu wimbo huu kabla ya chochote cha Dummy.

Si kila kitu kimefaulu. "Mourning Air" na "Seven Months" zina hali na mwendo unaokaribiana mno, na mtu akizisikiliza kwa kufuatana na "Humming", ambao ni mrefu na wenye fidla nzito, anaweza kuhisi amefungiwa chumba kimoja. Albamu ya karibu dakika 50 yenye rangi chache inahitaji mpangilio mkali kuliko huu. Dummy ilikuwa na madirisha zaidi. Hata hivyo madirisha hayo ndiyo yaliyowapitishia wenye mikahawa, na sidhani walioitengeneza albamu ya pili walisahau jambo hilo.

Mbinu yenyewe ilikuwa na swali moja lisilokwepeka: muziki uliotengenezwa kwa kujizeesha utapigwaje mbele ya watu, ukiwa hai? Jibu walilitoa New York tarehe 24 Julai 1997, miezi miwili kabla albamu haijatoka, katika ukumbi wa Roseland. Waliketi katikati ya ukumbi wakiwa na okestra, watazamaji wamewazunguka, na zile fidla ambazo kwenye albamu zinasikika kama zimetolewa kwenye sanduku la marehemu zikawa watu wenye mikono na pinde. Barrow alikuwa na meza zake za santuri palepale, akikwaruza. Rekodi ya Roseland NYC Live ilitoka 1998, na "Humming" iliyomo humo naiona bora kuliko ya studio, kwa kuwa hapo hewa inapita.

Baada ya hapo wakanyamaza kwa miaka. Albamu ya Third ilitoka Aprili 2008, na ndani yake ile kazi yote ya kuzeesha sauti imewekwa kando: mikwaruzo ya santuri karibu haisikiki, na "Machine Gun" inasimama juu ya mashine ya ngoma inayogonga bila huruma na bila vumbi lolote. Wengi hushangazwa na Third kana kwamba kundi liligeuka ghafla. Aliyeisikiliza vizuri albamu ya 1997 hashangai sana. Sauti iliyochanika ya "Half Day Closing" na lile gitaa kavu la "Cowboys" vilishakuwa vinaelekea huko, ila vilikuwa bado vimevalishwa nguo za kale.