KUKABILIANA NA MAAFA NI KAZI YA KUSOMEWA

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kuja Pemba. Baada ya uokozi, jambo lililokuwa zito zaidi ni hesabu. Meli hiyo ilikuwa na idhini ya kuchukua watu wasiofika 700. Maiti 203 zilipatikana. Ripoti ya Tume ya Uchunguzi, iliyotolewa Januari 2012, ilieleza kwamba meli ilikuwa imechukua zaidi ya watu 2,400, na kwamba waliofariki pamoja na wasioonekana walizidi 1,500. Hapakuwa na orodha ya abiria ya kutegemewa, na familia nyingi za kisiwani humu hazikupata hata kaburi la kuzuru.

Idadi ya abiria huhesabiwa gatini kabla ya kamba kufunguliwa. Kwa hiyo si sahihi kumdhania afisa wa maafa kuwa ni mtu wa kungojea king'ora. Kazi yake kubwa hufanyika siku ambayo hakuna lililotokea: kukagua orodha, kusoma taarifa za hali ya hewa, kujua na Sheha ni nyumba zipi za bondeni huingia maji wakati wa masika, na kukubaliana mapema na Zimamoto, KMKM na hospitali nani aamrishe nini.

Zamani kazi hiyo ilionekana kuwa ni ya kamati inayoitwa baada ya tukio, kisha kila mjumbe akarejea ofisini kwake. Sheria Namba 1 ya mwaka 2015 iliunda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, na kwa hatua hiyo shughuli ikapata chombo chake cha kudumu.

Gombani inatoa mfano ulio karibu. Tarehe 12 Januari 2025 sherehe za kutimia miaka 61 ya Mapinduzi zilifanyika katika uwanja wake wa michezo. Umati wa namna hiyo unahitaji mtu aliyekwishajua ni milango mingapi itabaki wazi, na gari la wagonjwa litapita wapi iwapo barabara imejaa watu. Hayo hayabuniwi papo hapo.

Wapo wanaosema kuwa Pemba ina bahati yake. Ni kweli kwamba kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu salama, ndipo kisiwa hiki kikaongoza kwa karafuu. Lakini bahati ya mwaka mmoja si kinga.

Kijana wa skuli anayeielekea fani hii atafaidika na jiografia, hisabati na sayansi. Kwa masomo ya juu, Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, kina kituo cha mafunzo ya maafa. Wauguzi, mabaharia na askari wa uokozi nao wana nafasi, kwani ujuzi walio nao tayari ni sehemu ya kazi yenyewe.