Dawa ya Shambani na Dawa ya Hospitali

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, husema anakwenda kupiga dawa; na mzee wake aliyebaki nyumbani husema anakwenda kuchukua dawa hospitalini. Tumezoea kudhani kwamba dawa hizo hazihusiani ila kwa jina. Kumbe baadhi yake hufanya kazi ileile mwilini, na jambo hilo inafaa lijulikane kwa kila familia inayolima, kuanzia Ilula na Kilolo hadi miteremko ya Uporoto kule Mbeya.

Seli za neva hupelekeana ujumbe kwa kemikali. Mojawapo, iitwayo asetilikolini, huuamrisha msuli ukaze na tezi itoe mate au jasho. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunja kemikali hiyo upesi, na msuli ukapumzika. Viuatilifu vya ukoo wa oganofosfati, kama profenofosi na klopirifosi, hukifunga kimeng'enya hicho. Mdudu hufa kwa kuwa neva zake hazinyamazi tena. Na mwanadamu naye anacho kimeng'enya hicho.

Ndiyo maana mpiga dawa aliyedhurika hutokwa na jasho, mate na machozi kwa wingi, mboni za macho zikawa ndogo, akatapika, misuli ikamtetemeka, na mwisho akashindwa kupumua. Si kila sumu ya shambani iko hivyo. Dawa nyingi za ukungu zinazopigwa dhidi ya bakajani kwenye viazi vya Mbeya ni za ukoo mwingine. Lakini mkulima huchanganya mbili tatu katika bomba moja la mgongoni, na jioni hawezi kusema ni ipi iliyomdhuru. Basi mgonjwa avuliwe nguo zile, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe hospitali haraka pamoja na chupa yenye lebo. Asilazimishwe kutapika. Na maziwa, ambayo majirani hukimbilia kumnywesha, hayaiondoi sumu hiyo. Daktari anayo atropini, ambayo huzuia asetilikolini iliyozidi isiendelee kuziamrisha tezi na moyo.

Hapa tuongeze neno kwa ndugu zetu wanaoswali Adhuhuri shambani. Anayetawadha kwa mikono iliyotoka kushika bomba, kisha akasukutua na kupandisha maji puani, anajipelekea sumu mdomoni na puani mwenyewe. Aoshe kwanza mikono na uso kwa sabuni, abadili shati, ndipo aanze udhu. Na chupa ya soda isigeuzwe chombo cha kuhifadhia dawa ya wadudu. Mtoto hajui kutofautisha.

Tugeukie upande wa pili. Mwaka 1934, huko London, daktari Mary Walker alimpa mgonjwa mwenye udhaifu mkubwa wa misuli dawa iitwayo fisostigmini, inayotokana na harage la Calabar la Afrika Magharibi, na misuli ikapata nguvu. Dawa hiyo huzuia kolinesterasi ileile, lakini kwa kipimo na kwa muda tu. Leo wazee wanaopoteza kumbukumbu kwa maradhi ya Alzheimer hupewa donepezili au rivastigmini kwa kanuni hiyo hiyo. Rivastigmini ni ya ukoo wa kabamati, ukoo ambao pia umetoa viuatilifu. Dawa hizo humsaidia mzee kwa kiasi. Haziyazuii maradhi kusonga mbele.

Je, ipo dawa ya kuzuia kimeng'enya ambayo huilinda seli ya neva isife? Tumaini kubwa liliwekwa katika selejilini, inayozuia kimeng'enya kingine kinachovunja dopamini, kemikali inayopungua kwa wagonjwa wa Parkinson. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini ulitangaza mwaka 1989 kuwa wagonjwa walioitumia walichelewa kuhitaji tiba nzito zaidi. Baadaye wataalamu walibaini kwamba dawa yenyewe hupunguza dalili, hivyo kuchelewa huko hakukuwa ushahidi kwamba seli zimelindwa. Utafiti wa mwaka 2009 kuhusu ndugu yake, rasajilini, nao ulileta utata: miligramu 1 kwa siku ilionekana kuleta faida hiyo, miligramu 2 haikuonesha. Sisi tunaona ni haki kusema kwamba kinga hiyo bado ni matumaini.

Tiba ya dalili, hata hivyo, ipo. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kutambuliwa. Hatuna sababu ya kudhani kuwa wazee wa Iringa na Mbeya wanaotetemeka mkono wakiwa wametulia, wakatembea kwa hatua fupi, wana bahati zaidi. Tafiti za nchi mbalimbali zimeyahusisha maradhi hayo na kushika viuatilifu kwa miaka mingi. Wengi huambiwa ni uzee, au ni jini. Kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali ya rufaa, iwe ya Mkoa wa Iringa au ya Kanda Mbeya, kuuliza juu ya levodopa na karbidopa. Na karbidopa nayo ni kizuia kimeng'enya.

Vidonge hivyo havikatishwi ghafla, hata kwa ajili ya Ramadhani. Mwenye mzee anayevitumia amwone daktari mapema, ndani ya Shaabani, kisha amuulize sheikh wake kuhusu ruhusa ya mgonjwa.