Chakula Kinachopotea, Chakula Kinachotupwa

Mwaka 2011 FAO ilikadiria kuwa takribani theluthi moja ya chakula cha wanadamu hupotea au hutupwa. Katika nchi tajiri kingi hutupwa madukani na majumbani. Kwetu hupotea njiani na ghalani. Ndizi za vihamba vya Marangu huchubuka garini kabla ya kufika Moshi. Mahindi ya tambarare huliwa na dumuzi, ingawa mfuko usiopitisha hewa humuua bila dawa.

Lakini tusijifiche nyuma ya umaskini. Katika sherehe zetu za Kipaimara, sahani hurudi jikoni zimejaa pilau. Tarehe 5 Juni 2013 Baba Mtakatifu Fransisko alifananisha kutupa chakula na kukiiba mezani pa maskini. Kamati zetu zipike kwa idadi halisi ya wageni, na kinachobaki kiwafikie wagonjwa wa jumuiya kingali cha moto.